Sarafu ya Kale na Maswali Manne

Katika nyumba nyingi za kwetu, pwani na bara, hukaa mkebe au fundo la kitambaa lenye sarafu ambazo hazinunui kitu tena. Nyingine zimekuwa nyeusi kwa kuzeeka, nyingine zina tundu katikati, nyingine zina sura ya mfalme ambaye wajukuu hawamjui hata kwa jina. Mara nyingi watoto hupewa wazichezee, au mfua fedha huzinunua kwa mzani na kuziyeyusha, au hutobolewa zikavaliwa shingoni. Wala hakuna adhaniye kwamba ameharibu kitu, maana fedha isiyopita sokoni huhesabiwa kuwa si fedha.

Walakini sarafu ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kununua, na ya pili ni kushuhudia. Ya kwanza ikiisha, ya pili yabaki. Na kwetu sisi ushuhuda huo ni wa thamani sana, kwa kuwa habari za kale za pwani yetu zilizoandikwa ni chache. Habari za masultani wa Kilwa, kwa mfano, zimetufikia hasa kwa njia mbili: kitabu cha Kiarabu ambacho nakala yake imehifadhiwa London, na masimulizi yaliyotiwa katika kitabu cha Mreno João de Barros, mwaka 1552. Mara nyingine habari hizo mbili hazipatani. Lakini Kilwa yenyewe ilipiga sarafu zake za shaba, ikaandika juu yake majina ya masultani. Sarafu nyingi zina jina la Nasir al-Dunya, na jina hilo halimo katika orodha ya masultani. Kama tungalitegemea kitabu peke yake, tusingalijua kwamba alikuwako mtu wa jina hilo.

Basi sarafu ni shahidi; na kila aliyehudhuria baraza ajua kwamba shahidi hana budi kuulizwa kwa utaratibu, maana aweza kusema kweli, aweza kunyamaza, tena aweza kudanganya. Maswali ya kuiuliza sarafu ni manne: Umefanywa kwa madini gani? Ni nani aliyekupiga chapa? Ni mwaka gani? Umeonekana wapi? Tuyatazame moja moja.

SWALI LA KWANZA: MADINI

Madini hutuambia watu walikuwa wakiamini nini. Sarafu za Kilwa tuzionazo karibu zote ni za shaba, ndogo, za kutumiwa sokoni na watu wa mji na majirani zao. Za dhahabu zilizopigwa huko zipo, lakini ni chache mno. Mfanya biashara aliyetaka kununua mali za mbali alitaka fedha yenyewe au dhahabu, yaani kitu ambacho thamani yake haikutegemea neno la sultani yeyote.

Ndiyo sababu katika karne ya 19 reale za fedha zilienea Unguja, Mombasa, Uhabeshi na Arabuni. Reale hizo hazikupigwa na mtawala yeyote wa nchi hizi. Watu walizipokea kwa sababu ya uzito na usafi wa fedha iliyomo. Wazee wetu walizitofautisha kwa majina yao wenyewe: ile ya Austria waliiita reale ya Sham, na ile ya Kihispania waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa walipoziona nguzo mbili zilizochorwa juu yake walizifananisha na mizinga.

Baadaye imani ikahama, ikatoka katika madini ikaenda katika neno la serikali. Jambo hili laonekana wazi katika fedha za Afrika ya Mashariki chini ya Waingereza. Mwaka 1920 ilitolewa florini mahali pa rupia, na nusu ya uzito wake ilikuwa fedha safi. Mwaka uliofuata ikapigwa shilingi, ambayo florini moja ilikuwa sawa na mbili zake, na humo fedha ilikuwa robo tu. Ilipofika shilingi ya mwaka 1948, hapakuwa na fedha hata kidogo, ila shaba na nikeli. Simba alikuwa yule yule, na milima nyuma yake ile ile. Lakini aliyeishika shilingi ile hakushika tena kipande cha fedha, alishika ahadi.

Si kila madini yalifaa. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilileta Kenya na Uganda senti za alumini, nyepesi kama jani. Hazikustahimili hali ya hewa ya nchi hizi, zikaliwa na kutu yake, na kuanzia 1909 zikaja senti ngumu zaidi za shaba na nikeli, zenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka. Basi ukipata senti nyeupe, nyepesi, iliyochakaa upesi, ya 1907 au 1908, usiitupe ukidhani ni kifuniko cha chupa.

SWALI LA PILI: MWENYE CHAPA

Msomaji akumbuke dinari ile aliyoonyeshwa Bwana wetu katika habari ya kodi ya Kaisari. Swali aliloliuliza lilikuwa juu ya sura na maandishi, nalo ndilo swali la kila achunguzaye sarafu. Mtu apigaye sarafu asema, “Mimi ndimi bwana hapa.” Tazama pande zote mbili, tena utazame na ukingo, maana mara nyingine maneno huandikwa hapo.

Masultani wa Kilwa hawakutia sura ya mtu. Waliandika kwa herufi za Kiarabu jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno hayo yalichaguliwa ili vina vya pande mbili vilingane. Hivyo aliyekuwa na sarafu ya Kilwa alikuwa na ubeti mfupi katika kiganja chake.

Sayyid Barghash wa Unguja alipopiga pesa zake za shaba, alitia mizani upande mmoja na jina lake upande wa pili. Kampuni ya Waingereza iliyoshika Mombasa mwaka 1888 ikatia mizani vile vile katika fedha zake. Na kampuni ya Wadachi iliyoshika pwani ya kusini ilipiga pesa kuanzia mwaka 1890, tai wa Ujerumani upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Kwa nini wageni hao waliandika Kiarabu? Kwa sababu wenyeji wa pwani waliojua kusoma walizisoma herufi hizo, na sarafu isiyosomeka haiaminiki. Hapa sarafu yashuhudia jambo ambalo matangazo ya watawala hayakulisema: kwamba walikuta nchi yenye wasomaji na yenye desturi yake ya fedha, wakalazimika kuifuata kwanza kabla ya kuibadili. Hata jina pesa halikuwa lao. Lilikuwa limekuja zamani kutoka Bara Hindi pamoja na rupia, na pesa 64 zilifanya rupia moja.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaiondoa hesabu ya 64, ikaigawanya rupia katika heller 100. Katika fedha hizo mpya maandishi ya Kiarabu hayapo tena. Atakaye kuona jinsi nguvu ya mgeni ilivyokua katika miaka 14, na aiweke pesa ya 1890 karibu na heller ya 1904, azitazame.

SWALI LA TATU: MWAKA

Hapa wengi hukosea, maana si kila sarafu ihesabuyo miaka kama sisi. Ukiona ١٢٩٩ katika pesa ya Barghash, hiyo ni 1299 ya Hijria. Ili kupata mwaka wetu kwa ukaribu, punguza tatu kwa kila mia, kisha ongeza 622. Katika 1299 utapunguza 39, ibaki 1260. Ukiongeza 622 utapata 1882. Fanya hivyo pia kwa 1306 iliyomo katika pesa ya Mombasa, nawe utafika karibu na 1888 na 1889.

Wachina wa kale hawakuandika hesabu ya mwaka, bali jina la enzi ya mfalme. Sarafu zao ni za mviringo, na tundu lake ni la mraba, ili zitungwe katika kamba. Mwaka 2013 wachimbuzi waliona sarafu ya namna hii katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, yenye jina la enzi ya Yongle, aliyetawala tangu 1402 hata kufa kwake mwaka 1424. Ndiye aliyezituma merikebu kubwa za Zheng He katika bahari ya Hindi.

Sasa tumtazame shahidi mwongo. Reale ya Sham ina sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, mwanamke mnene mwenye ushungi, na mwaka ulioandikwa ni 1780. Mtu akiipata hudhani ameshika kitu cha karne ya 18. Huenda ikawa hivyo, lakini yaelekea sivyo. Malkia alikufa mwaka huo huo 1780, na watu wa Uhabeshi na Arabuni, waliokwisha kuizoea sura yake, walikataa nyingine. Basi mafundi wakaendelea kuipiga na mwaka ule ule, miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa. Mwaka 1935, wakati Italia ilipokuwa ikijitayarisha kuishambulia Uhabeshi, Waitalia walipata ruhusa ya kuipiga kwao. Na Waingereza, kwa kuwa biashara yao ilihitaji reale hizo, wakaanza kuipiga London mwaka uliofuata. Sura moja, mwaka mmoja, herufi zile zile S.F. chini ya sura. Na kati ya reale mbili huenda ukawa urefu wa miaka 150. Wajuzi huzitofautisha kwa mambo madogo, kama idadi ya lulu za kipambo cha nguo na mkato wa manyoya ya tai. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa tuusome, lakini tusiukubali mpaka tumewaita na mashahidi wengine.

SWALI LA NNE: MAHALI

Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, nalo ndilo ambalo sarafu yenyewe haiwezi kulijibu. Madini, chapa na mwaka hukaa na sarafu popote iendapo. Mahali ilipoonekana hukaa katika kumbukumbu ya aliyeiokota tu, naye asiposema wala kuandika, limepotea hata milele.

Tuchukue mifano miwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe sarafu moja ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa. Ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Kwa thamani ya shaba ile haikutosha kununua kuku. Walakini kwa kuwa ilijulikana imetoka katika magofu yale, imekuwa kiungo cha kushikika kati ya mji wa pwani na mji wa bara, katika biashara ile ya dhahabu iliyopitia Sofala. Sarafu kama hiyo hiyo, ikiuzwa mjini na mtu asiyejua ilikotoka, haituambii ila jina la sultani ambalo tulilijua tangu zamani.

Mfano wa pili watoka mbali zaidi. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, jina lake Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia. Nne zilikuwa za Waholanzi, na tano zilikuwa za Kilwa. Aliziweka katika mkebe, akakaa nazo miaka mingi, na mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe. Lakini alikuwa ametia alama ya msalaba katika ramani, kuonyesha pale alipoziokota. Jinsi shaba ya Kilwa ilivyovuka bahari hiyo yote wataalamu hawajakubaliana. Wengine husema ni mabaharia, wengine husema ni wageni wa siku za karibu waliozipoteza. Hata hivyo, kama si alama ile ya ramani, hata kubishana kusingaliwezekana. Sarafu zingalihesabiwa kuwa zimenunuliwa dukani, na neno likaisha.

Tena sarafu zikionekana pamoja hushuhudia zaidi kuliko kila moja peke yake. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000. Nyingi ni za fedha, ndogo sana, zimepigwa na watawala wa pwani wenyewe. Chache ni za dhahabu kutoka nchi za mbali. Kwa kuwa baadhi ya zile za mbali zilikuwa na mwaka, wataalamu waliweza kujua kwamba hazina ile yote ilizikwa katika karne ya 11 au baada yake kidogo. Kama mtu angaliziuza zile za dhahabu kwanza na kuzitawanya hizi ndogo, fedha za Pemba zingalibaki bila umri.

SARAFU MOJA NA MASWALI YOTE

Ili msomaji aone jinsi maswali haya yafanyavyo kazi pamoja, tuchukue sarafu iliyo bado katika mikebe mingi ya Unyamwezi na kwingineko: heller 20 ya mwaka 1916.

Madini yake ni shaba, mara nyingi ile ya manjano; haikulainishwa vizuri, na moja haifanani kabisa na nyenzake. Chapa yake ni taji, herufi D.O.A., na herufi T chini ya mwaka. Katika fedha nyingine za Kijerumani herufi hiyo huwa A, yaani Berlin, au J, yaani Hamburg. T ni Tabora. Basi swali huja lenyewe: kwa nini fedha ya Ujerumani ipigwe Tabora?

Jibu ni vita. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, na sarafu kutoka Ulaya hazikuweza kufika. Askari walitaka mishahara, wapagazi walitaka ujira, na wenye chakula hawakutaka kukitoa bure. Serikali ikachapa noti nchini, na karatasi zake zikazidi kuwa duni kadiri siku zilivyopita. Kisha katika karakana ya reli ya Tabora mafundi wakakata shaba, mingine ikiwa ni maganda ya risasi za mizinga, wakapiga heller 5 na heller 20. Wakapiga pia rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, zenye picha ya ndovu aliyeinua mkonga. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikaisha.

Sasa wafikirie watu watatu wa siku zile, kila mmoja amelipwa kwa namna yake. Wa kwanza ana ndovu wa dhahabu: bwana wa fedha ameondoka, lakini dhahabu ni dhahabu. Wa pili ana heller za shaba: amepoteza, ila amebaki na madini kidogo. Wa tatu, ambaye labda alibeba mzigo mwezi mzima kwa miguu, ana noti. Na serikali iliyoahidi kuilipa haiko. Wengi waliokuwa na dhahabu walikuwa wakubwa. Wengi waliokuwa na karatasi na shaba walikuwa wadogo. Kipande kile cha shaba kibaya chatuambia ni nani hubeba mzigo wa mwisho enzi ianguapo.

MASHAURI KWA MWENYE SARAFU

Mtu atakaye kukusanya sarafu hahitaji mali nyingi. Na aanze na za nchi yake, azipange kwa zamani zake: pesa, rupia, heller, florini, shilingi za wafalme wa Kiingereza, kisha zile ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kutoa kila nchi zake mwaka 1966. Samaki wa senti tano, mbuni wa senti ishirini na sungura wa senti hamsini za Tanzania, vyote hivyo vilitumiwa na wazazi wetu kila siku, na leo watoto wengi hawavijui.

Usiisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala ndimu. Weusi wake ni ngozi yake; ukiuondoa, utaondoa na maandishi, na ajuaye sarafu ataikataa. Ishike kwa ukingo. Iweke peke yake katika karatasi kavu, si pamoja na nyingine katika mkebe wenye unyevu. Juu ya karatasi andika mambo haya: imeonekana wapi, siku gani, na nani, katika kina gani cha udongo, na kulikuwa na nini karibu nayo, kama vigae, shanga au mifupa. Ikiwa umeirithi, andika jina la mzee aliyekuwa nayo na maneno aliyoyasema juu yake, kabla hayajafutika.

Jihadhari na wauzaji. Ndovu wa Tabora ameigizwa mara nyingi, na reale ya Sham pia. Wala usichimbe katika magofu kwa kutafuta sarafu. Vitu vya kale vilivyomo ardhini vinalindwa na sheria. Katika Tanzania iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukivikuta jembe likipita shambani, viache kama vilivyo, ukawape habari wakuu wa mahali na watu wa Nyumba ya Makumbusho. Akija mnunuzi wa haraka, mkumbuke yule askari na alama yake katika ramani. Hakuwa mtaalamu, wala hakujua kusoma maandishi ya sarafu alizozishika. Lakini aliandika mahali, na kwa neno hilo moja watu wa mataifa mengi wamekuwa na la kuchunguza hata leo.